Januari, Mara ya Tatu

Jumatatu, tarehe 3 Februari
Asubuhi mawingu mazito. Mvua imetishia tu, haikunyesha.

Kwako Mhasibu,

Hujambo mwanangu. Mimi ni mzima, na cherehani zote nne ni nzima.

Ijumaa saa kumi jioni nililetewa ankara ya ofisi yenu. Nimeisoma mara tatu, mara ya tatu kwa miwani. Inasema nadaiwa elfu mia tatu sabini na mbili, "saa za ziada za mwaka uliopita", mbali na zile elfu arobaini ninazolipa kila mwezi kabla ya tarehe tano. Nisipolipa hadi tarehe 28, hamtasaini hesabu zangu za mwaka. Wewe unajua maana yake. Bila hesabu zilizosainiwa siwezi kuomba zabuni ya sare za shule mwezi ujao, na bila zabuni hiyo, hawa mafundi wangu watatu nitawaambia nini? Elfu mia tatu sabini na mbili ni majora mawili ya kitambaa cha sketi, na uzi wake.

Ningekupigia simu, ila nimeona kwamba simu zinahesabiwa. Kwa hiyo naandika, na barua naituma kwa basi. Kama na kusoma barua kunahesabiwa, basi soma mbio.

Nataka kuelewa jambo moja. Mimi shati nalipangia bei kabla sijalikata. Mzazi anaondoka anaijua. Simwachi mwaka mzima halafu nimwambie bei imepanda kwa sababu mtoto wake alijitingisha sana nilipokuwa nampima. Nyinyi mnapanga bei vipi?

Na kuna mistari mitatu iliyoninyima raha hata ya kula. Wa kwanza unasema simu arobaini na nane, jumla saa nane. Mimi na wewe tuliongea saa nane lini? Wa pili ni tarehe 24 Agosti, "ziara kwa mteja, saa 2". Siku hiyo nilimzika mume wangu. Ulikuja, ukakaa kiti cha nyuma, ukanipa pole kwa mikono miwili. Kumbe saa ilikuwa inakimbia. Na wa tatu, tarehe 19 Agosti: "kupitia risiti za Januari pamoja na mteja, marudio ya tatu, saa 2 dakika 50". Nani anapitia Januari mwezi wa nane, tena mara tatu?

Marehemu alikuwa anakuita Bwana Dakika, kwa jinsi ulivyokuwa ukiitazama saa yako. Mimi nilikuwa namkataza. Leo namwomba radhi.

Mama Vifungo


Alhamisi, tarehe 6 Februari

Mteja wetu mpendwa,

Ofisi inakiri kupokea barua yako ya tarehe 3 Februari.

Samahani, Mama. Nimeanza hivyo kwa mazoea ya kazi. Shikamoo. Barua yako nimeisoma wakati wa chai, na chai ni yangu, haimhusu mteja.

Umeuliza tunapanga bei vipi. Kwa biashara ndogo tuna njia tatu. Wapo wanaotozwa kwa wingi wa karatasi wanazoleta. Hao baada ya muda huanza kuficha karatasi ili bei ishuke, na mwisho wa mwaka tunazitafuta wote kwenye droo za jikoni. Wapo wanaotozwa kwa saa, na hao huogopa kuuliza hata jambo la maana. Na wapo wa ada ya mwezi, ndiyo yenu, bei inayojulikana tangu mwanzo. Ila ada hiyo ina kikomo cha saa nne kwa mwezi. Zikizidi zinaandikwa pembeni na kuletwa mwisho wa mwaka, kila saa elfu kumi na mbili, na kila dakika kumi zikishaanza huhesabiwa kumi nzima. Imo ukurasa wa pili wa mkataba aliousaini marehemu.

Miaka mitatu marehemu alipokuwa akileta risiti mwenyewe hamkuwahi kuzidi. Aliweka fungu mezani, akanitania, akaondoka. Tangu alipougua mwezi wa tano umekuwa ukija wewe, Mama, na wewe huulizi swali moja tu. Silalamiki. Karatasi zako ndizo safi kuliko za mteja yeyote wetu. Lakini maswali nayo yana saa.

Kuhusu msiba, nimeona haya mpaka masikioni. Karatasi yangu ya muda ina safu mbili, inayolipwa na isiyolipwa. Msiba niliuandika kwenye isiyolipwa. Mtunza fedha alipohamisha mistari aliuchukua na ule. Utafutwa leo.

Kuhusu simu, kama una kumbukumbu yoyote ya dakika, nitumie nimpelekee mkurugenzi.

Kuhusu tarehe 19 Agosti, naomba unipe muda niangalie.

Wako,
Mhasibu, meza ya tatu


Jumapili, tarehe 9 Februari
Jua jembamba, upepo unaopeperusha nguo kwenye kamba. Fulana moja imeruka hadi kwa jirani.

Kwako Mhasibu,

Unauliza kama nina kumbukumbu. Mwanangu, nina shajara tangu kidato cha pili. Tarehe, hali ya hewa, nilichofanya, saa niliyolala. Marehemu alikuwa ananicheka, anasema nikifa malaika hawatakuwa na kazi, watachukua daftari tu.

Simu zote arobaini na nane nimezinakili kwenye karatasi niliyoambatanisha. Jumla ni saa tatu na dakika kumi. Tazama mwenyewe. Tarehe 11 Juni, dakika tatu, nimekuuliza kama stakabadhi ya umeme inaingia, ukasema inaingia. Tarehe 2 Julai, dakika moja, nimekosea namba, nilikuwa nampigia wifi yangu. Hiyo nayo mmeiandika dakika kumi. Wifi anasema angejua angeongea zaidi.

Wifi ni dada wa marehemu. Anakaa na mimi tangu msiba. Anashona vifungo, ananisaidia kunyoosha kola, na anakosoa chai yangu.

Kuhusu tarehe 19 Agosti huna haja ya kuangalia popote. Sikuwa ofisini kwenu. Nilikuwa hospitali, nimekaa kitandani kwa mume wangu nimemshika mkono, hadi saa tano na dakika arobaini alipofariki. Wifi alikuwa safarini siku hiyo, alifika jioni, na kila akianza kulia namwambia hivyo hivyo: kaka yako hakuwa peke yake, nilimshika mkono. Ndilo linalomtuliza. Sasa fikiria akiiona ankara yenu mezani.

Mstari huo ufuteni, na aliyeuandika aombe radhi.

Mama Vifungo


Alhamisi, tarehe 13 Februari

Mama, shikamoo.

Nina habari njema. Nimempelekea mkurugenzi karatasi yako. Aliisoma amesimama, akakaa, akaisoma tena. Akasema hajawahi kuona mteja mwenye kumbukumbu bora kuliko zetu, na akauliza kama unatafuta kazi. Amekubali simu zihesabiwe kwa dakika zako.

Hesabu mpya ni hii. Kwenye elfu 372, msiba umetoka, elfu 24. Tofauti ya simu imetoka, elfu 58. Mstari wa tarehe 19 Agosti nao umetoka, elfu 34. Ulikuwa mkanganyiko wa karani. Unabaki na elfu 256, unaweza kulipa kwa awamu nne, na tukipokea ya kwanza tunasaini. Zabuni yako iko salama.

Kuanzia mwaka huu utapewa bei moja ya mwezi isiyo na kikomo, elfu arobaini na tano. Utaijua kabla ya kukata kitambaa, kama ulivyosema.

Wako,
Mhasibu, meza ya tatu


Jumapili, tarehe 16 Februari
Ukungu hadi saa mbili, kisha joto.

Mwanangu,

Ahsante. Nimewasomea mafundi barua yako, mmoja akapiga vigelegele, sindano mdomoni, ikabidi nimgombeze.

Nilipaswa kunyamaza hapo. Lakini umefuta mstari ule upesi mno. Kwa simu ulinidai ushahidi, dakika kwa dakika. Kwa mstari wa saa mbili na dakika hamsini hukunidai hata neno. Na karani gani? Ofisi yenu nimeizoea. Kuna wewe, kuna mtunza fedha, kuna mkurugenzi, na kuna mlinzi pale getini ambaye ndiye pekee anayesalimia bure.

Nilitaka nikunakilie na siku hiyo, ili tuwe sawa. Nikafungua shajara ya mwaka jana. Tarehe 19 Agosti nimeandika, "Jua tangu asubuhi, upepo kidogo." Basi. Ukurasa wote uliobaki ni mweupe. Hata saa ya kulala sikuandika. Miaka thelathini na saba sijawahi kuacha ukurasa, hata siku niliyong'olewa jino.

Nikakaa nao nikajaribu kukumbuka mkono wake siku ile. Nilitaka kukumbuka ulikuwa wa baridi au wa moto. Nimeuhadithia mkono huo mara nyingi sana, na siujui.

Niambie kwa nini mliandika Januari.

Mama Vifungo


Jumanne, tarehe 18 Februari

Mama,

Deni limepungua, hesabu zitasainiwa, mafundi wako wana kazi. Naomba tuishie hapa. Sikuombi kama ofisi, nakuomba kama mwanao.

Mhasibu


Alhamisi, tarehe 20 Februari
Mvua ndogo alfajiri, ya kulowesha vumbi tu.

Mwanangu,

Barua yako niliipokea jana kituoni kwa utingo, nikiwa tayari nimekata tiketi ya kuja huko. Nikaisoma kwenye kiti, saa nzima na nusu ya safari. Maneno yenyewe hayafiki arobaini.

Jana ilikuwa tarehe 19, miezi sita kamili. Nilifika getini kwenu saa nne kasoro. Sikupanda kwako. Kwanza kupanda kunahesabiwa. Pili nilijua ukiniona utanidanganya tena kwa upole.

Mlinzi wenu akaniambia, "Mama Vifungo! Leo bila mfuko?"

Nikamwambia, "Leo nimekuja kusoma."

"Kusoma nini? Gazeti langu ni la juzi, na nusu nimefungia karanga."

"Daftari lako la wageni. La Agosti."

Akanitazama. Halafu akalitoa chini ya kiti chake, akalipangusa kwa mkono wa shati. "Chukua tu, Mama," akasema, "hili halimtozi mtu."

Tarehe 19 Agosti. Jina langu, sahihi yangu na ule mkia wake ninaouvuta chini. Kuingia saa tatu na dakika arobaini. Kutoka saa sita na nusu. Nimehesabu kwa vidole hapo hapo. Ni saa mbili na dakika hamsini. Hamkukosea hata dakika.

Mlinzi akasema, "Siku hiyo naikumbuka. Nilikuaga hukuitika. Siku zote ukitoka hapa unakata kulia, unaenda hospitali. Siku ile ukakata kushoto. Nikasema huyu mama leo kachanganyikiwa na hesabu."

Saa tano na dakika arobaini nilikuwa kwenye meza yako, mwanangu. Mume wangu alikuwa mitaa miwili kutoka hapo. Niambie nilikuwa nafanya nini. Usinihurumie tena. Huruma yako ya tarehe 13 imenitoa usingizi wiki nzima. Shajara ipo, saa zote nimeandika.

Mama Vifungo


Ijumaa, tarehe 21 Februari

Mama,

Nakueleza yote kama yalivyokuwa, na baadaye utaniita jina lolote utakalo.

Ulikuja na mfuko wa risiti za nusu mwaka. Ulisema saa za kuona wagonjwa hazijafika, tufanye kwanza hesabu. Risiti zilikuwa zimefungwa kwa mipira, mwezi kwa mwezi. Tukaanza Januari. Zilikuwa thelathini na nane, zote za marehemu, na nyuma ya kila moja alikuwa ameandika kitu kwa kalamu ya risasi.

Saa nne na dakika ishirini tulikuwa tunamaliza Januari, simu yako ikalia. Chumba chetu ni kidogo na nesi alikuwa anaongea kwa sauti. Alisema, "Mama, njoo sasa hivi, hali imebadilika." Wewe ukasema, "Ahsante nesi, nakuja." Ukailaza simu kifudifudi mezani. Ukaniuliza, "Tulikuwa wapi?"

Nikasema tumemaliza Januari, inafuata Februari. Ukasema, "Turudie Januari."

Nikaanza kusema, "Mama, kama kuna dharura..." Ukanikata: "Nimekwambia turudie. Au kurudia nako mnatoza?" Nikacheka, Mama. Mungu anisamehe, nilicheka. Nikaitazama saa yangu nikaandika mstari mpya.

Tulirudia. Ulikuwa unageuza kila risiti, unasoma nyuma polepole, unaiweka. Simu ililia mara mbili tena ikiwa kifudifudi, hukuigeuza. Tulipomaliza ukasema, "Mara moja nyingine." Hiyo ndiyo mara ya tatu. Fungu la Februari hukuligusa. Saa sita na nusu ukasimama, ukakunja mfuko wako pembe kwa pembe, ukasema, "Ahsante kwa muda wako."

Nilijua kuna jambo. Yule nesi nilimsikia kama wewe ulivyomsikia. Ningeweza kusimama, nikakushika mkono, tukatembea ile mitaa miwili. Nilikaa, nikawa nakupa risiti moja baada ya nyingine.

Jioni nikajaza karatasi ya muda. Kwetu kila mtu lazima awe na saa sita za siku kwenye safu inayolipwa, na mimi mwezi huo nilikuwa nimeshapewa onyo moja. Nikakuandika kwenye inayolipwa. Alhamisi ndipo nilipopata habari za kifo, na saa yake. Karatasi hufungwa Ijumaa. Nilikuwa na siku nzima ya kukuhamishia safu ya pili. Niliitoa karatasi, nikaitazama, nikairudisha kwenye droo kwa sababu ya onyo lile. Jumamosi nikaja msibani. Wewe ulinishukuru kwa kuja. Ndiyo maana nilikaa kiti cha nyuma.

Uliposema ulikuwa hospitali umemshika mkono, nilidhani Mungu amekufunika macho, na mimi ni nani niyafunue? Nikamtunga yule karani.

Jina la Bwana Dakika nalijua tangu siku nyingi. Liko nyuma ya risiti ya tarehe 17 Januari. Nimekufungia fungu zima pamoja na barua hii. Hesabu za mwaka zimekamilika, hizi ni mali yako.

Bwana Dakika


Jumatatu, tarehe 24 Februari
Mvua ya kweli tangu alfajiri. Mifereji ya paa imejaa.

Bwana Dakika, mwanangu,

Fungu limefika Jumamosi. Sikulifungua hadi jana jioni, kwa sababu Jumamosi nilikuwa na mnunuzi wa mashine.

Nikujibu kwanza ulichoniandikia. Nilipokuambia tarehe 9 kwamba nilimshika mkono, sikuwa nakuongopea kwa makusudi. Nilianza kumwambia wifi jioni ile ile ya msiba ili anyamaze, nikamwambia na kesho yake, na keshokutwa, mpaka na mimi nikawa naona kitanda na shuka la kijani. Sasa nakumbuka meza yako. Nakumbuka mpira wa lile fungu ulikuwa mwekundu.

Na nakumbuka kwa nini. Mwandiko wake wa Januari umesimama wima. Februari tarehe 8 ndipo unaanza kulala upande, na mimi niliuona siku nilipokuwa nafunga mafungu, usiku kabla ya kuja kwako. Sisi wote tulisema ameugua Mei. Mkono wake ulikuwa unasema tangu Februari na mimi nilikuwa nimelala kitanda kimoja naye. Nesi alipopiga, nilichotaka ni kutoingia Februari. Kwenye Januari alikuwa mzima.

Nimetafuta pia nilikwenda wapi nilipokata kushoto. Nina risiti, tarehe 19 Agosti, saa saba kasoro dakika kumi, duka la nyuzi. Nyuma nimeandika kwa mkono wangu, "nyuzi nyeupe mbili". Yeye ndiye aliyeniagiza asubuhi ya jana yake. Nikazinunua, ndipo nikamfuata. Nilimkuta amefunikwa.

Jana baada ya chakula nikamwambia wifi. Alikuwa anashona vifungo vya shati. Nikamwambia yote, nesi, simu, saa sita na nusu, nyuzi. Akamaliza kifungo, akakata uzi kwa meno, akaanza kingine. Nikasema moyoni, kesho atafunga mizigo yake.

Halafu akaniuliza, "Januari alikuwa ameandika nini?"

Nikaleta fungu. Tukakaa kwenye meza ya kukatia, yeye anasoma, mimi nashika taa, umeme ulikuwa umekatika. "Vifungo vyeusi pakiti tano. Muuzaji kaninyima chenji, namwombea kikohozi." "Mafuta ya mashine. Ile ya dirishani inalia kama dada yangu akinyimwa sukari." Hapo wifi akasema, "Mwongo mkubwa huyu," akacheka hadi akaegemea meza, na kicheko kikageuka, nikaweka taa chini. "Soda moja, nimekunywa mimi, mke wangu asijue." Na ile ya tarehe 17: "Kalamu mbili za ofisi. Bwana Dakika, ukiisoma hii, utakuwa umepoteza nusu dakika."

Tuliposoma zote thelathini na nane wifi akasema, "Turudie." Nikamwambia neno hilo mimi nililisema Agosti, leo siliwezi. Akaniambia, "Wewe siku ile ulikuwa naye humu, kwenye risiti. Mimi sikuwa naye kokote." Tukarudia. Kulipokucha alikuwa bado hajanipa msamaha wala hajaninyima, na mizigo yake iko pale pale nyuma ya mlango.

Sasa biashara. Mstari wa tarehe 19 Agosti urudisheni kwenye ankara, kama ulivyouandika, safu ile ile. Leo mchana nimelipa benki elfu mia mbili tisini kamili, bila awamu, stakabadhi nimeiambatanisha. Ulikaa na mimi saa mbili na dakika hamsini hukuniuliza kitu. Mwingine angeninyanyua kwenye kiti, ningefika wodini, na mpaka leo sijui kama ningeweza kuupita ule mlango. Mimi saa hizo nilizitumia. Lako la kutonishika mkono nimelisikia, na siwezi kukuambia si kitu. Nitakuambia tu kwamba tulikaa wawili.

Fedha imetoka kwenye ile mashine ya dirishani. Ndiyo niliyokuwa nashonea mimi. Mafundi watabaki na zao tatu, na mimi nitahamia meza ya kukatia, mkasi wake upo na nimeunoa. Zabuni naomba, bei yenu mpya nimeikubali, na Ijumaa nakuja kuchukua hesabu zilizosainiwa. Nitapanda ngazi. Uwe na chai.

Ukurasa wa tarehe 19 Agosti nimeujaza. Umetosha nusu tu. Pa saa ya kulala nimepaacha wazi, siikumbuki, na sitaki kutunga tena.

Ya leo naijua. Mafundi waliingia saa moja na nusu wamelowa, wakatukuta mezani na risiti, wakatusalimu kwa sauti ya chini, wakaanza kazi bila kuuliza. Nikaegemeza kichwa kwenye jora la kitambaa kusikiliza mashine tatu badala ya nne. Nilipata usingizi saa mbili na robo asubuhi.

Mama Vifungo